Karatasi Iliyomuumbua Mghushi

Je, wajua kuwa mojawapo ya kashfa kubwa kabisa katika historia ya vitabu haikufichuliwa na polisi? Iliibuliwa mwaka 1934 na vijana wawili wauza vitabu wa London, na shahidi wao mkuu hakuwa mtu. Alikuwa karatasi.

Wapenzi wa riwaya za upelelezi wanamjua vizuri mpelelezi asiye askari. Anaweza kuwa bibi wa kijijini anayefuma sweta huku masikio yake yako wazi, kama Miss Marple wa Agatha Christie. Anaweza kuwa muuza vitabu pia. Mwaka 1919 Mmarekani Christopher Morley alitoa riwaya ya The Haunted Bookshop, ambamo duka la vitabu vya zamani la Brooklyn linaingiliwa na njama za majasusi. Mwaka 1987 Carolyn Hart akaanza mfululizo wake kuhusu msichana mwenye duka la riwaya za mauaji kisiwani. Tangu hapo wenye maduka ya vitabu wamefumbua mauaji ya kubuni yasiyo na idadi. Msomaji wa Kiswahili aliyemzoea Bwana Msa na kiko chake, katika hadithi za Muhammed Said Abdulla, hawezi kuushangaa mtindo huo. Cha kushangaza ni kwamba kisa cha namna hiyo kiliwahi kutokea kweli, ingawa hapakuwa na maiti. Palikuwa na kijitabu.

Kijitabu chenyewe kina kurasa 47. Ukurasa wake wa mbele unasema kilichapwa mwaka 1847 katika mji wa Reading, magharibi mwa London, na kwamba si cha kutolewa kwa umma. Ndani mna soneti za mapenzi ambazo mshairi Elizabeth Barrett alimtungia mshairi mwenzake Robert Browning kabla hawajaoana mwaka 1846. Umma ulizisoma mwaka 1850, zilipotoka ndani ya mkusanyo wa mashairi yake. Kama kijitabu cha Reading ni cha kweli, basi kiliutangulia mkusanyo huo kwa miaka 3, na hicho ndicho toleo la kwanza. Katika biashara ya vitabu adimu, pesa iko kwenye toleo la kwanza.

Kijitabu hicho kilikuja na hadithi yake tamu. Mwaka 1894 mhakiki Edmund Gosse alisimulia kwamba maharusi hao walipokuwa wakiishi Pisa, Italia, mwaka 1847, Elizabeth alimsukumia mumewe karatasi za mashairi mfukoni, kisha akakimbilia chumbani kwake. Mume akapendezwa, na hati ikatumwa kwa rafiki yao Mary Russell Mitford, aliyeishi karibu na Reading, ili achapishe nakala chache. Watu waliiamini. Kumbe Browning mwenyewe alikuwa ameandika katika barua kwamba soneti hizo alizionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1849, katika mji mwingine kabisa wa Italia, Bagni di Lucca.

Wawili walioanza kukuna kichwa walikuwa John Carter na Graham Pollard. Carter, mwenye miaka 29 uchunguzi ulipochapishwa, alifanya kazi katika tawi la London la kampuni ya Scribner's ya New York, upande wa vitabu adimu. Alikuwa pia mkusanyaji wa riwaya za upelelezi, na mwaka huohuo wa 1934 aliandika makala ya kuwashawishi wakusanyaji wenzake wazichukulie kwa uzito. Pollard, aliyemzidi miaka 2, alikuwa mbia katika duka la vitabu la Birrell & Garnett, lililoanzishwa na Francis Birrell na mwandishi David Garnett.

Kwanza waliangalia kisichokuwapo, na hapo ndipo jicho la muuza vitabu lilipofanya kazi. Kitabu alichopewa rafiki mwaka 1847 huwa na alama za maisha: jina la aliyepewa, maneno machache ya mtunzi, jalada alilotengenezesha mwenyewe, pengine doa la chai. Kijitabu cha Reading hakikuwa na lolote kati ya hayo. Hapakuwa na nakala hata moja iliyotiwa saini na Elizabeth wala iliyojaladiwa enzi hizo. Barua za wakati ule hazikukitaja. Nakala zote zilikuwa safi, na zilianza kujitokeza sokoni miaka 40 hivi baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Tena hakikuwa peke yake. Vijitabu vingine vya waandishi Tennyson, Ruskin, Swinburne na wenzao vilikuwa na kasoro zilezile, na orodha ya vilivyochunguzwa ilifikia takriban 50.

Dalili hizo zilitosha kuwatia shaka, lakini hazikuwa ushahidi. Ndipo wakaigeukia karatasi.

Kwa karne nyingi karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Vitabu na magazeti vilipoongezeka katika karne ya 19, matambara hayakutosha, na wenye viwanda wakahangaika kutafuta mbadala. Thomas Routledge, aliyekuwa na kiwanda huko Eynsham karibu na Oxford, alifanya majaribio na esparto, nyasi ngumu zinazoota Uhispania na Afrika Kaskazini. Mwaka 1861 Uingereza ilifuta kodi ya karatasi, na ni mwaka huo pia esparto ilipoanza kutumika kwa wingi. Kisha likaja rojo la mbao zinazopikwa kwa kemikali hadi zibaki nyuzi tupu. Carter na Pollard walipekua majarida ya wenye viwanda na kumbukumbu za biashara hiyo, wakapata mpaka wa pili: kabla ya mwaka 1874, rojo la aina hiyo halikutumika katika karatasi za uchapaji za Uingereza.

Kwa macho matupu ni vigumu kuzitofautisha karatasi hizo, lakini hadubini huzitofautisha mara moja. Mtaalamu hunyofoa kipande kidogo sana, hukichemsha katika maji yenye soda kali mpaka nyuzi ziachane, huzitandaza juu ya kioo na kuzidondoshea dawa yenye iodini. Nyuzi za matambara hugeuka nyekundu ya zambarau, na za mbao zilizopikwa kwa kemikali hugeuka buluu. Umbo nalo husema. Unyuzi wa pamba ni utepe uliojisokota, na wa kitani una vifundo kama mua. Wa mti wa msonobari ni bapa, una safu za vitobo vya duara ambavyo maji yalipitia mti ulipokuwa hai. Esparto hujulikana kwa vinyweleo vifupi vilivyopinda, visivyopatikana katika tambara lolote.

Majibu yaliporudi kutoka maabara, karatasi ya kijitabu cha Reading ilikutwa na rojo la mbao lililopikwa kwa kemikali. Mama aliyefariki mwaka 1861, kama alivyofariki Elizabeth, hakuweza kuchapishiwa mashairi kwenye karatasi ya mwaka 1874 au baada yake. Vijitabu vingine vilianguka kwenye mtihani huohuo. Baadhi vilikuwa na esparto ilhali tarehe zake zilikuwa za miaka ya 1840 na 1850.

Karatasi ilieleza lini. Nani, hilo lilielezwa na herufi f.

Enzi za herufi za risasi, kichwa cha f kilichomoza nje ya kipande chake na kuegemea herufi ya jirani, nacho kilivunjika mara kwa mara. Baadaye watengenezaji wakabuni f yenye kichwa kifupi kisichotokeza, na j yenye mkia wa namna hiyo. Vijitabu vingi vya mashaka vilikuwa na f na j hizo fupi, pamoja na alama ya kuuliza isiyolingana na herufi nyingine, kana kwamba ilichanganywa kutoka seti tofauti. Mchanganyiko wa aina hiyo hauwezi kupatikana kila kiwanda. Swali likawa: ni mpiga chapa gani aliyekuwa nao?

Jibu lilikuwa kwenye kitabu halali. Mwaka 1893 ilitolewa nakala mpya ya shairi la Matthew Arnold, Alaric at Rome, iliyochapwa kwa kuiga sura ya toleo la zamani. Herufi zake zilikuwa zilezile, na jina la mpiga chapa lilikuwa wazi: Richard Clay & Sons. Kampuni ilikubali kuwa seti hiyo ilikuwa yake, ila daftari za miaka iliyohusika zilikuwa zimekwisha teketezwa. Wachapaji wenyewe hawakuwa na hatia. Mteja aliwapelekea kazi za kuiga matoleo ya zamani kwa ajili ya vyama vya wapenzi wa washairi Shelley na Browning, na miongoni mwa kazi hizo zilipita nyingine ambazo hawakuwa na sababu ya kuzishuku.

Msimamizi wa kile kitabu cha Arnold alikuwa Thomas James Wise.

Jina hilo liliwashtua watu. Wise, mzaliwa wa mwaka 1859, alipata utajiri katika biashara ya mafuta ya manukato, na alikuwa mkusanyaji mashuhuri kuliko wote nchini. Aliwahi kuwa rais wa Chama cha Bibliografia, na Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku shahada ya heshima. Orodha alizoandika za kazi za washairi wa Kiingereza ndizo wauza vitabu walizotumia kuthibitisha kitu ni cha kweli. Maana yake alighushi kijitabu, kisha akakiandikia cheti.

Vijitabu vilifika sokoni kupitia Herbert Gorfin, aliyewahi kuwa kijana wa ofisini wa Wise na baadaye muuza vitabu. Carter na Pollard walipomwonyesha ushahidi, Gorfin alistaajabu. Miaka yote aliamini anauza mali halali. Mwaka 1933 Wise alijitolea kuyanunua mabaki ya vijitabu hivyo kwa pauni 400, ilimradi Gorfin aseme yalitoka kwa Harry Buxton Forman, mtaalamu wa Keats na Shelley aliyefariki mwaka 1917. Gorfin alikataa kusema hivyo.

Kitabu cha Carter na Pollard kilitoka mwaka 1934 kwa jina la kipole: An Enquiry into the Nature of Certain Nineteenth Century Pamphlets. Hakimwiti Wise mghushi mahali popote. Kinapanga mambo moja baada ya jingine, mpaka msomaji anabaki na jina moja tu. Wise aliandika barua magazetini akimrushia marehemu Forman mzigo, kisha akanyamaza kwa sababu za afya. Alifariki mwaka 1937, na mwaka huohuo Jumba la Makumbusho la Uingereza likanunua maktaba yake kwa pauni 66,000.

Cha ajabu, kumtaja Forman hakukuwa uongo mtupu. Mwaka 1945 Chuo Kikuu cha Texas kilichapisha karatasi ambamo Forman na Wise walibishana kwa maandishi ya mikono yao juu ya mchezo huo. Walikuwa washirika. Kisha mtafiti David Foxon akagundua, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba Wise alichana zaidi ya kurasa 200 kutoka kwenye tamthilia za kale za Jumba la Makumbusho ili kujazia nakala zake zilizopungua. Jumba hilo likawa limelipia kurasa zake lenyewe.

Njia ya kuihoji karatasi haijazeeka. Mwaka 2005 wauza vitabu wa New York walinunua nakala ya Sidereus Nuncius, kitabu cha Galileo cha mwaka 1610, yenye picha za mwezi zilizodhaniwa kuchorwa kwa mkono wake. Wataalamu wa Ujerumani waliikagua, wakaithibitisha na kuiandikia juzuu 2 nene. Mwaka 2012 mwanahistoria Nick Wilding, aliyeanza kwa kuutilia shaka mhuri wa maktaba uliokuwamo, alionyesha kuwa ni ya kughushi. Karatasi ilipochunguzwa upya ilikutwa na nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, malighafi ambayo watengenezaji karatasi wa enzi za Galileo hawakuitumia. Mwaka 2014 timu hiyohiyo ilitoa juzuu ya tatu, safari hii ikieleza kwa kina jinsi walivyodanganywa na majaribio ambayo walipaswa kuyafanya tangu mwanzo.