Safari ya Mwili na Safari ya Nafsi: Dar es Salaam katika Riwaya na Filamu za Kiswahili

Neno safari, lenye asili ya Kiarabu, humaanisha mwendo wa kutoka mahali hadi mahali. Katika kazi za kubuni, mwendo huo aghalabu huambatana na mwingine usioonekana: mabadiliko ya fikra, hisia na utambuzi wa mhusika. Makala hii inafafanua uhusiano wa safari hizo mbili katika kazi tatu zinazohusiana na Dar es Salaam. Hoja yake ni kwamba urefu wa safari ya mwili si kipimo cha safari ya nafsi.

Katika filamu ya Fimbo ya Mnyonge, iliyotengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania katika miaka ya 1970, Yombayomba anaacha kijiji na kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Jiji linamshinda, naye anapata tumaini katika kijiji cha ujamaa. Hapa safari mbili zinakwenda sambamba: mwili unaporejea shambani, nafsi nayo inazinduka. Msuko huu unaafikiana na methali isemayo, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata hivyo, hauwapi nafasi wale ambao ngama yao ni jiji lenyewe.

Riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi inauvunja usambamba huo. Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopo Mlimani, eneo lililokuwa katika Wilaya ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo. Anarudi kwao, lakini kila anapowakaribia wazazi na wanakijiji, fikra zake zinazidi kujitenga nao. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unamfanya msomaji ashuhudie utengano huo kutoka ndani. Mwili umefika nyumbani. Nafsi imekosa pa kufikia, na mwishowe Kazimoto anajiua.

Filamu ya T-Junction (2017) ya Amil Shivji inachukua mkondo wa tatu. Fatima, aliyefiwa na baba yake, anakutana hospitalini na Maria, ambaye anamsimulia maisha ya wachuuzi na watu wa kawaida katika njia panda moja ya jiji. Fatima haendi mbali. Anarudi tena na tena kusikiliza, na kwa kusikiliza huko anaanza kuuelewa upya msiba wake na mji aliozaliwa. Kinachomsafirisha ni masimulizi ya mtu mwingine.

Tofauti hizi zina uzito katika uhakiki. Wakazi wengi wa Temeke na Kinondoni ni wahamiaji, au watoto na wajukuu wa wahamiaji. Mhakiki anayechukulia kila safari ya kwenda mjini kuwa ni kupotea, na kila marejeo kuwa ni uzinduko, anayaacha maisha ya watu hao nje ya fasihi yao wenyewe. Kwa hiyo, katika ufundishaji, haitoshi kuuliza mhusika amekwenda wapi. Inafaa kuuliza pia: sasa anajua nini ambacho hakukijua, na ni nani aliyemwezesha kukijua?