Nyufa katika Maboya ya Zege

Daraja linaloelea halina nguzo zinazofika chini ya maji. Barabara yake hubebwa na maboya ya zege: masanduku makubwa, matupu ndani, yaliyogawanywa kwa kuta kuwa vyumba vingi, yakaungwa moja baada ya jingine na kushikwa na nanga. Yasichanganywe na pantoni zinazovusha abiria, kama zile za Kigamboni. Haya hayaendi popote. Zege ni zito, lakini sanduku lenye hewa huelea maadamu uzito wake wote hauzidi uzito wa maji linayoyasukuma kando.

Mji wa Seattle, Marekani, ndio unaoyafahamu maboya haya kuliko mwingine wowote. Ziwa Washington lililo kando yake lina kina kinachopita mita 60, na sakafu yake ni tope laini, kwa hiyo nguzo za kawaida zingegharimu mno. Daraja la kwanza linaloelea katika ziwa hilo lilifunguliwa mwaka 1940. Miaka 50 baadaye, Novemba 1990, sehemu yake ilizama katikati ya ukarabati, baada ya dhoruba kuleta maji ndani ya maboya yaliyokuwa yametobolewa kwa ajili ya kazi. Tangu hapo hakuna mhandisi wa eneo hilo anayeweza kuuona ufa wa boya kuwa jambo dogo.

Hata hivyo, nyufa hazina uzito sawa. Zege hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kuhimili mbano. Saruji inapogandamana hutoa joto, kisha zege hupoa na kusinyaa. Ukuta mpya uliomwagwa juu ya sakafu iliyokwisha kukauka hauwezi kusinyaa kwa uhuru, kwani sakafu inaushika, basi hupasuka. Nyufa za namna hii, zikiwa nyembamba kama unywele, mara nyingi hujiziba zenyewe: chokaa iliyomo katika saruji huyeyuka kidogo, hukutana na hewa ya ukaa na kuganda ndani ya mwanya. Ufa mpana ni habari nyingine. Unapitisha maji, na maji yakizifikia nondo, huanza kushika kutu. Kutu nayo huvimba na kulibandua zege kwa nje.

Kinga kubwa ni kulibana zege kabla mawimbi hayajalivuta. Kebo za chuma hupitishwa katika mirija iliyoachwa ndani ya kuta na sakafu, hukazwa kwa jeki zege likishakomaa, kisha mirija hujazwa uji wa saruji. Boya likipindwa na wimbi, mvuto hulazimika kwanza kuumaliza mbano huo. Lakini kebo zinazobana kwa urefu haziulindi upana. Zege linalobanwa upande mmoja hutanuka kidogo upande mwingine, na mahali kebo zinapofungiwa, nguvu kubwa hukusanyika katika eneo dogo.

Hapo ndipo tatizo la daraja jipya la barabara ya 520, linaloelea katika Ziwa Washington hilohilo, lilipozuka. Maboya yake makuu yana urefu wa mita 110, upana wa mita 23, na kila moja lina uzito wa takriban tani 10,000. Kundi la kwanza, lililojengwa Aberdeen katika pwani ya Pasifiki, liliingizwa majini mwaka 2012, na kuta za mwisho za maboya, yaani zile za kwenye ncha zake, zikaonekana kuwa na nyufa. Idara ya usafirishaji ya jimbo la Washington, ambayo ndiyo iliyoyabuni maboya hayo, iliita jopo la wataalamu. Kiini cha kasoro kilikuwa katika usanifu: kukazwa kwa kebo za urefu kulizivuta kuta za mwisho kwa upana, na chuma kilichokuwa ndani yake hakikutosha kuukabili mvuto huo.

Kuziba peke yake kusingefaa, kwa sababu mvuto uleule ungeufungua ufa tena au kupasua kando yake. Kwa hiyo kazi kuu ya ukarabati ilikuwa kupitisha kebo mpya kwa upana wa boya, karibu na ncha zake, na kuzikaza ili kuta za mwisho nazo zibanwe. Nyufa zilidungwa gundi ya epoksi, ambayo ikiwa majimaji hupenya mianya myembamba na ikishika hugeuka ngumu. Vitambaa vya nyuzi za kaboni vilibandikwa ili kuongeza nguvu pasipo kuongeza uzito, jambo lenye thamani kwa kitu kinachopaswa kuelea.

Ugumu mwingine ulikuwa kuufikia ukuta wenyewe, kwa maana sehemu yake kubwa imo majini. Baadhi ya maboya yalipelekwa kwenye chelezo. Mengine yalitengenezwa ziwani kwa sanduku la chuma lisilo na upande mmoja: liliegemezwa kwenye ncha ya boya, maji yakapampiwa nje, mafundi wakashuka kufanya kazi pakavu chini ya usawa wa ziwa. Maboya ambayo yalikuwa hayajajengwa yalibadilishwa usanifu kabla ya zege kumwagwa.

Daraja lilifunguliwa Aprili 2016, likielea juu ya maboya 77 kwa urefu wa takriban mita 2,350, maboya yaliyokarabatiwa yakiwa miongoni mwake.