Uzi, Kufuli na Mkwamo: Istilahi za Programu za Nyuzi Nyingi

Mfasiri wa maandishi ya kompyuta hukutana na jambo ambalo kamusi ya kawaida haimsaidii: programu moja kutenda kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Kila mfuatano wa kazi hizo tunauita uzi, na programu yenyewe ni programu ya nyuzi nyingi. Neno ni jepesi. Ugumu umo katika makosa yanayozaliwa nyuzi zinapotumia kitu kimoja.

Tuchukue mfano wa Jadida, wilayani Wete, kisiwani Pemba. Tuseme makarani wawili wanapokea karafuu, kila mmoja na mzani wake, lakini daftari la jumla ni moja, nalo laonyesha kilo 100. Karani wa kwanza asoma 100 ili aongeze 20. Kabla hajaandika, wa pili naye asoma 100 ili aongeze 30. Wa kwanza aandika 120. Wa pili aifuta na kuandika 130. Jumla ya haki ni 150. Kilo 20 za mkulima zimepotea, wala hakuna aliyekosea kujumlisha.

Kosa hili Waingereza huliita kwa neno lenye maana ya mbio. Sisi tunaona tatizo si kasi bali ni zamu, hivyo twapendekeza mvurugano wa zamu. Dawa yake ni kufuli: aliyeshika daftari hulifunga mpaka amalize kuandika. Lakini kufuli nalo lina hatari yake. Karani mmoja akishika daftari huku akingoja muhuri, na mwenziwe akashika muhuri huku akingoja daftari, wote watangoja milele. Huo ndio mkwamo. Huepukwa kwa kanuni kwamba kila mmoja aanze kushika daftari, kisha muhuri.

Walimu hawana budi kusisitiza kwamba jaribio moja halitoshi, kwani mvurugano wa zamu huweza kujificha mara elfu na kutokea mara moja. Programu ijaribiwe tena na tena, kwa kubadilisha zamu makusudi. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya tiba iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mvurugano wa zamu ulikuwa miongoni mwa sababu. Istilahi inayotaja kiini cha kosa humwonyesha mwanafunzi mahali pa kulitafuta.