Mgodi wa Dhahabu Uliomezwa na Bahari

Juneau ni mji mkuu wa Alaska, nchi ya Marekani iliyoko mbali upande wa kaskazini, penye theluji na mito ya barafu. Mbele ya mji huo upo mkono mwembamba wa bahari uitwao Gastineau, na ng'ambo yake kisiwa cha Douglas. Ukingoni mwa kisiwa hicho, hatua chache tu kutoka maji ya chumvi, palikuwako mgodi wa Treadwell, ambao katika siku zake ulihesabiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu duniani. Leo pana msitu, kuta za saruji zilizobomoka, na shimo kubwa ambalo maji ya bahari huingia na kutoka. Mgodi huo uliharibika katika usiku mmoja, lakini maharibiko yake yalikuwa yakitengenezwa pole pole kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ili kuelewa maafa hayo, yafaa kwanza kuujua mwamba wenyewe. Zamani sana, matope ya chini ya bahari yaligandamizwa yakawa sleti, lile jiwe jeusi ambalo zamani watoto wa shule waliliandikia kwa chaki. Juu yake likakaa jiwe la rangi ya kijani lililotokana na moto wa volkeno. Baadaye mawe yaliyoyeyuka kwa joto yalipanda kutoka chini, yakapenya kati ya matabaka hayo mawili mfano wa siagi kati ya vipande viwili vya mkate, yakapoa na kuwa jiwe gumu liitwalo dayoriti. Ardhi ilipojikunja ili kufanya milima, sleti ilipindika, bali dayoriti kwa ugumu wake ilipasuka nyufa zisizohesabika. Yapata miaka milioni 55 iliyopita, maji ya moto sana yalipita katika nyufa hizo, yakichukua dhahabu ndani yake kama chai ichukuavyo sukari. Yalipopoa yaliacha jiwe jeupe la kwatsi, chembe za dhahabu, na madini ya chuma na salfa ambayo hung'aa manjano na kumdanganya asiyezoea.

Utajiri huo ulikuwa mwingi, lakini umetawanyika mno. Katika tani moja ya mawe ilipatikana dhahabu kama sehemu moja ya kumi ya wakia, au zaidi kidogo. Yaani bonge lisilofikia ukubwa wa punje ya mahindi. Tena ule mwamba wa dayoriti haukusimama wima. Ulilala kwa mshazari, ukielekea baharini, hata kila aliyeufuata kwenda chini alijikuta akichimba karibu zaidi na maji, na mwisho chini yake.

Wenyeji wa nchi hiyo ni watu wa kabila la Tlingit. Mwaka wa 1880 mmoja wa wakuu wao, aitwaye Kowee, aliwaongoza wazungu wawili, Joe Juneau na Richard Harris, mpaka kwenye mawe yenye dhahabu ng'ambo ya bara. Mji ukapewa jina la Juneau. Kowee na watu wake hawakuhesabiwa kuwa raia wa Marekani, kwa hiyo sheria ya migodi ya siku zile haikuwapa haki ya kujiandikishia machimbo katika nchi ya baba zao. Wengi wao waliishia kuajiriwa humo. Mwaka wa 1881 fundi mjenzi mmoja kutoka California, John Treadwell, alinunua machimbo ya kisiwani Douglas kwa bei ndogo kutoka kwa Mfaransa aliyeyaona hayana faida. Kwa mtu wa karai, kweli hayakuwa na faida. Huko Kakamega, dhahabu ilipoonekana mwaka wa 1931, mtu aliweza kuosha mchanga wa mto akapata chochote. Treadwell ilitaka mashine, fedha na watu wengi.

Alianza na michi mitano ya chuma. Michi hiyo iliendeshwa kwa nguvu za maji yaliyoteremshwa mlimani, ikipanda na kushuka mchana na usiku, kila mmoja una uzito wa ratli mia nane na zaidi, kuyaponda mawe hata yawe unga. Mwisho michi ilifika 960. Kelele zake zilinyamaza siku mbili tu katika mwaka, Krismasi na tarehe 4 Julai, ambayo ni sikukuu ya Wamarekani. Unga wa mawe ulipitishwa kwa maji juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, nayo zebaki ikaikamata dhahabu. Kisha zebaki ilifukuzwa kwa moto, dhahabu ikabaki. Moshi wa zebaki ni sumu ya kuharibu akili na mafigo, jambo ambalo wachimbaji wadogo wa Migori na Geita wanahitaji kulikumbuka hata leo.

Migodi ikawa minne iliyofuatana kando ya bahari: Treadwell, 700 Foot, Mexican na Ready Bullion. Wafanyakazi walifika kama 2,000, wengi wao wageni kutoka Ulaya. Palikuwa na nyumba za kulala, duka, na hata bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya nyumba, maana huko baridi ni kali. Lakini maisha chini ya ardhi yalikuwa ya hatari. Mwaka wa 1910 ghala ya baruti ililipuka ndani ya mgodi wa Mexican, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Sasa tutazame namna ya kuchimba. Wachimbaji walipolitoa jiwe waliacha vyumba vikubwa vitupu, na kati ya chumba na chumba waliacha nguzo za mwamba ili kuitegemeza dari. Nguzo hizo nazo zilikuwa na dhahabu. Kila nguzo iliyoachwa nene ilikuwa mali iliyoachwa ardhini; kila nguzo iliyopunguzwa ilikuwa faida ya mwaka ule. Katika mgodi ambao tani moja huzaa punje moja, hesabu hiyo ina nguvu sana, na nguzo zilifanywa nyembamba kuliko ilivyofaa. Kwa miaka kadhaa ardhi ilionyesha dalili: mawe yalianguka, nyufa zikatokea. Mainjinia walianza kuvijaza vyumba vitupu, lakini migodi ilikuwa imekwisha kushuka zaidi ya futi 2,000, na vyumba vilikuwa vingi.

Mwezi wa Aprili, 1917, maji yalionekana yakivuja karibu na nyumba ya kuogelea. Tarehe 21 mwezi ulikuwa haujaandama, na kila mtu wa pwani ajua maana yake: bahari ilikuwa katika bamvu, na katika mlango ule wa Gastineau maji hupanda juu sana. Usiku, karibu saa tano, ilitolewa amri watu wote watoke. Walikuwako chini kama watu 350. Walipandishwa kwa zamu katika vizimba vya chuma, na karibu wote wakatoka salama. Mmoja tu hakuonekana tena, na wengine walisema alikuwa amejiondokea. Farasi na nyumbu waliovuta magari ya mawe hawakuwahi.

Baada ya usiku wa manane ardhi ilididimia, bahari ikapata njia. Maji yaliingia kwa kishindo, yakaibeba sehemu ya nyumba ya kuogelea na banda la wazima moto, na hewa iliyobanwa chini ikayarusha maji juu kupitia mdomo wa mgodi kama chemchemi ndefu. Kwa muda wa saa chache migodi mitatu iliyokuwa imeunganishwa, Treadwell, 700 Foot na Mexican, ilijaa. Mgodi wa nne, Ready Bullion, haukuunganishwa na hiyo mingine. Ulikauka salama, ukaendelea na kazi mpaka mwaka wa 1922.

Kwa jumla migodi hiyo minne ilitoa zaidi ya wakia milioni 3 za dhahabu. Hakuna aliyejaribu tena kuyatoa maji. Moto wa mwaka wa 1926 uliteketeza nyumba nyingi zilizobaki, na miti ikaota mahali pa michi. Imebaki nyumba ya pampu ya saruji, imesimama peke yake majini, na karibu nayo ufuko mpana wa mchanga ambapo watu wa Douglas huenda kutembea siku za jua. Mchanga huo bahari haikuuleta. Ni unga wa mawe uliopondwa na ile michi 960. Bahari ikijaa, maji huingia katika lile shimo la 1917, ikipwa, hutoka.