Punje Nayo Huvuta Pumzi: Somo la Ghala kutoka Kapsokwony



Sifa zote njema ni za Allah, Mwenye kuipasua mbegu na kuiotesha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zangu, na hasa mama zangu na dada zangu mliobeba dhamana ya chungu na ghala, juma hili nawaletea somo nililolipata mbali na mwambao wetu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Mwishoni mwa mavuno nilijaaliwa kufika Kapsokwony, kaunti ya Bungoma, kuwazuru ndugu zetu wa huko. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alikuwa ameanika mahindi uani juu ya turubai. Huko mvua haisubiri mkulima amalize kazi yake. Asubuhi jua huwaka, na alasiri wingu hushuka kutoka mlimani. Kila lilipotanda, mama yule aliwaita watoto wakayakunja mahindi, na jua lilipochomoza wakayafunua tena. Nilihesabu mara nne kwa siku moja. Nikamuuliza kwa nini asiyatie guniani akapumzika. Akanijibu, "Shekhe, mahindi haya bado yanapumua. Nikiyafunga yakiwa hivi, yatajipika yenyewe."

Nilidhani ananena kwa mafumbo. Niliporudi na kusoma waliyoyaandika wataalamu wa mimea, nikaona kuwa mama yule alisema kweli tupu.

Punje ya hindi ina uhai. Ndani yake mna kiini cha mmea kilicholala, na kando yake akiba ya wanga kitakachokula siku kitakapoamka. Hata kikiwa usingizini huvuta hewa ya oksijeni kidogo kidogo, kikatumia akiba ile, kisha kikatoa hewa ya kaboni, maji na joto. Punje ikiwa kavu, pumzi hiyo ni ndogo mno. Ikiwa na unyevu, pumzi huenda mbio: joto na maji huongezeka, na kuvu hupata makao. Ndiyo sababu mtu akiingiza mkono katikati ya gunia lililofungwa bichi, huhisi vuguvugu.

Kuingiza mkono huko kunatukumbusha kisa kilichopokewa katika Sahihi Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta majimaji. Alipomuuliza mwenye nafaka, alijibiwa kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Wengi wetu tumekisoma kisa hiki kama somo la uaminifu katika biashara, na ndivyo kilivyo. Lakini elimu ya leo inatuonyesha jinsi madhara ya unyevu ule uliofichwa yanavyoweza kuwa makubwa.

Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi wa maabara ukaufuata ugonjwa ule hadi kwenye chakula chao cha njugu kilichoota kuvu, na ndipo ikatambulikana sumu iitwayo aflatoksini, ambayo baadhi ya wataalamu huiita sumukuvu. Sumu hii hushambulia ini, na imethibitika kuwa husababisha saratani. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwaletea watu maafa katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake: waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Walikuwa watu wa nyumbani wakila chakula cha nyumbani. Na ijulikane kuwa moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Sima huiva, uji huchemka, nayo hubaki.

Adui wa pili ni mdudu. Fukusi tunamjua tangu zamani. Dumuzi yeye ni mgeni: asili yake ni Amerika ya Kati, na alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1983 huko Taita Taveta, katika mkoa wetu huu wa pwani. Mahali alipoingia, mahindi hugeuka unga ndani ya gunia kabla ya kufika kinuni. Kwa kumhofia, mkulima hulazimika kuuza mapema bei ikiwa chini, kisha miezi michache baadaye akanunua chakula kwa bei ya juu. Wengine humwaga dawa ya kuua wadudu bila kipimo juu ya nafaka watakayoila watoto.

Ukanda ule wa Kitale na Bungoma haukosi mavuno. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, waliyoipata kwa kuzalisha mahindi ya Kitale pamoja na mbegu iliyotoka Ecuador, na ikawaongezea wakulima mavuno. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha mavuno hayo mezani yakiwa salama. Hapo ndipo elimu ya mimea inapokutana na elimu ya plastiki.

Mama yule alinionyesha mfuko wenye matabaka matatu: mifuko miwili ya polithini ndani, na nje gunia la kufumwa kwa nyuzi za plastiki. Mifuko ya namna hii, ijulikanayo kama PICS, chimbuko lake ni utafiti ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kati ya Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na watafiti wa Cameroon, kwa ajili ya kuhifadhi kunde.

Polithini ni katika vitu ambavyo wanakemia huviita polima. Ukitaka kufahamu polima, tazama tasbihi iliyo mkononi mwako: punje moja moja, zote za namna moja, zimetungwa katika uzi. Polithini ni tasbihi ya punje maelfu, na minyororo yake ikilala pamoja kwa msongamano, hewa hupenya kwa taabu sana. Iligunduliwa bila kukusudiwa mwaka 1933 na wanakemia wa Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Na ajabu ya uumbaji ni kuwa wanga ulio ndani ya hindi nao ni polima, mnyororo wa punje za sukari. Binadamu alikuja kuiga utungaji uliokuwamo katika chakula chake tangu zamani.

Mfuko ukifungwa imara, wadudu na punje huendelea kuvuta oksijeni iliyobaki ndani, na nyingine haiingii. Mwaka 2012 Murdock na wenzake walieleza jambo la kushangaza waliloliona kwa wadudu wa kunde: mdudu huyo hafi kwa kukosa pumzi peke yake, hufa kwa kiu. Anaishi ndani ya chakula kikavu asikopata tone la kunywa, na maji yake huyatengeneza mwilini kwa kuchoma chakula kwa oksijeni. Oksijeni ikipungua, maji nayo hukoma. Hivyo ghala hulindwa bila dawa yoyote.

Baadhi yenu mtauliza: je, plastiki haikupigwa marufuku? Amri iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilielekezwa kwenye mifuko ya kubebea na kufungia bidhaa za madukani na nyumbani. Hii ya nafaka inaendelea kuuzwa kwa wakulima. Nayo itunzwe: isipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Lakini shikeni sharti lake. Mfuko huu huhifadhi kile ulichopewa. Ukitiwa mahindi mabichi, utafunga unyevu ndani. Ukitiwa yenye sumu, utatoa yenye sumu. Kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo aanze na chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi thuluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yamezidi asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda, bado yaanikwe siku moja au mbili zaidi kwa tahadhari, kwani chumvi haiwezi kupambanua chini ya hapo.

Nasi wa pwani tusijione tuko salama kwa kuwa hatulimi. Hewa yetu ina unyevunyevu wa bahari, na nafaka kavu huunywa. Gunia lisilazwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Liwekwe juu ya mbao, mbali na panya. Punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo zitengwe kabla ya kwenda kinuni, wala wasipewe kuku na ng'ombe, kwani sumu hupita hata katika maziwa.

Nabii Yusuf, amani imshukie, aliwausia watu wa Misri wayaache mavuno katika mashuke yake ila kidogo cha kula, na kwa hifadhi hiyo umma ukavuka miaka saba ya ukame. Kuhifadhi chakula ni amana. Mama yule wa Kapsokwony, akikunja na kufunua turubai mara nne kwa siku, alikuwa akiitekeleza amana hiyo kwa ajili ya watoto wake, na kwa ajili yetu pia tutakaoyala mahindi yake bila ya kumjua.

Wabillahi tawfiq.