Bitcoin: Onyo lipi lisimamishe biashara?

ALFAJIRI ya Jumamosi, Julai 4, 2015, kwa saa za Afrika Mashariki, mfanyabiashara aliyekuwa akipokea malipo ya bitcoin kwa programu ya zamani angeweza kuona kwenye kompyuta yake kuwa malipo yamethibitishwa mara 6. Hiyo ni idadi ambayo wengi katika biashara hiyo huihesabu kuwa inatosha kuruhusu mzigo utoke. Muda si mrefu uthibitisho wote ukafutika, kwa kuwa bloku 6 zilizoubeba hazikuwa halali.

Si kwamba hakuonywa. Programu yenyewe ilikuwa na onyo lililosema waziwazi kuwa toleo hilo limepitwa na wakati na ni lazima libadilishwe. Onyo hilo lilitokea pale zaidi ya bloku 50 kati ya 100 za mwisho zilipokuja na namba ya toleo kubwa kuliko ile programu inayoifahamu. Kanuni mpya ya wakati huo, iliyohusu namna ya kuandika saini za malipo, ilipangwa ianze kwa ukamilifu bloku 950 kati ya 1,000 zikishafika namba 3. Kwa hiyo onyo lilianza kuonekana mapema, kabla ya siku yenyewe.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa hajabadilisha programu alitoa bloku yenye namba ya zamani. Kwa kawaida bloku ya namna hiyo hukataliwa na mambo yakaishia hapo. Safari hii jambo lilikuzwa na tamaa ya kuokoa sekunde chache: karibu nusu ya nguvu yote ya uchimbaji ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakijenga juu ya kila bloku mpya bila kuikagua kwanza. Wakajenga juu ya ile mbovu. Siku iliyofuata zikapotea bloku nyingine 3. Wakati huo kila bloku ilimpa mchimbaji bitcoin 25, na wachimbaji wakubwa walipoteza zaidi ya dola 50,000 za Marekani. Wenye programu za zamani na pochi nyepesi walishauriwa wasubiri uthibitisho 30 zaidi ya kawaida yao. Kwa wastani wa bloku moja kila dakika 10, hizo ni saa 5 za ziada kabla ya kutoa mzigo.

Mfanyabiashara anaweza kujiuliza yeye anapotezaje iwapo waliokosea ni wachimbaji. Jibu liko katika tukio la Machi 2013. Mwezi huo bloku namba 225,430 ilikuwa na miamala mingi kuliko uwezo wa hifadhidata ya matoleo ya kabla ya 0.8. Toleo jipya likaikubali, ya zamani yakaikataa, na mtandao ukawa na daftari mbili za hesabu kwa muda wa saa 6 hivi. Wachimbaji wenye toleo 0.8, waliokuwa na takriban asilimia 60 ya nguvu, waliombwa warudi nyuma, na bloku 24 zikatupwa. Bei ilishuka kutoka kama dola 48 hadi karibu 37 kabla ya kupanda tena. Katika vurugu hiyo, kampuni ya malipo ya OKPAY ilipokea malipo ya dola kama 10,000 upande mmoja, huku bitcoin zilezile zikitumika kwingine upande wa pili. Upande uliobaki ndio uliohesabiwa. Baada ya hapo programu iliongezewa onyo la kumwarifu mwenye kompyuta kuwa haafikiani na wenzake kwenye mtandao.

Tatizo ni kwamba si kila onyo lina uzito huo. Kompyuta inayoendesha programu kamili ya bitcoin huandika mstari mmoja kwa kila bloku mpya: namba ya bloku, toleo lake, jumla ya miamala, tarehe, na mwishoni onyo kama lipo. Baadaye mistari mingi ilianza kuishia na maneno kuwa bloku kadhaa kati ya 100 zina toleo lisilotarajiwa. Wengi walishtuka wakidhani kanuni zimebadilishwa kwa siri. Kumbe baadhi ya mitambo ya uchimbaji ilikuwa ikichezea tarakimu za toleo ili kupunguza kazi ya kukokotoa, njia iitwayo AsicBoost. Hakuna kanuni iliyobadilika, wala malipo ya mtu hayakuguswa. Kengele ilipolia kila siku bila moto, watengenezaji waliiondoa kwenye skrini na kuiacha kwenye daftari tu.

Kwa anayepokea fedha, maonyo haya mawili yanafanana kwa sura, yote yakitaja toleo. Cha kuangalia ni mambo mawili. Kwanza, je, kompyuta yako inaafikiana na wengine juu ya namba ya bloku ya mwisho na utambulisho wake? Pili, je, kuna mabadiliko ya kanuni yaliyotangazwa ambayo programu yako haijui? Mambo yote mawili yakiwa shwari, endelea na biashara. Moja likikosekana, zuia mzigo, hata mteja akilalamika kuwa uthibitisho 6 umekwisha kufika.

Wakati wa tukio la 2013 watengenezaji waliweza kutuma tahadhari moja ikaonekana kwenye kompyuta zote. Mfumo huo uliondolewa kwenye programu mwaka 2016, kwa hoja kwamba ufunguo wake ulikuwa mamlaka makubwa mno mikononi mwa wachache. Tangu hapo kila mmoja anasoma daftari lake. Mwenye pochi nyepesi ya simu hana daftari la kusoma: anaonyeshwa idadi ya uthibitisho tu, na bloku mbovu za 2015 nazo zilihesabiwa kwa idadi hiyohiyo.