Kazi za Mikono: Mtandao Uwe Soko, Usiwe Bwana

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa siku hizi katika vijiwe vya Bilele, mjini Bukoba, na katika mialo ya visiwa vya Muleba, limo hili la mafundi wetu wa kazi za mikono kutangaza na kuuza kazi zao kwa njia ya intaneti. Msukaji wa mikeka, mchonga ngoma, mshona vikapu na mfungaji wa vifurushi vya kahawa ya kutafuna, wote hao leo wanaweza kuipiga picha kazi yao kwa simu, na mtu aliyeko Mwanza, Muscat au Toronto akaiona siku ile ile. Jambo hili ni la heri. Lakini kila jambo la heri lina masharti yake, na masharti yasipotimizwa heri hugeuka hasara. Leo tunapenda kuyajadili masharti hayo mbele ya mafundi wenyewe, hasa ndugu zetu wa visiwani, na mbele ya maofisa wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni, biashara na ushirika.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ulikuwa kweli tupu katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake na anaijua kazi ya mkono wake. Lakini kikapu kizuri kilichosukwa Goziba, Kerebe au Ikuza kitajiuzaje kwa watu ambao hawajapata kukiona? Kwa miaka mingi fundi wa kisiwani alimtegemea mchuuzi aliyefika kwa mtumbwi. Mchuuzi ndiye aliyeijua bei ya mjini, naye hakuwa na haraka ya kuitaja. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, na mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, minyororo ya utegemezi huo ilianza kulegea. Leo mama aliyeko Bumbire anaweza kutaja bei yake mwenyewe na kupokea fedha yake kabla mzigo haujapakiwa. Mwenye kubeza mabadiliko haya hawatakii mema wanyonge.

Hata hivyo, soko hili jipya lina tabia zake. Katika gulio la kawaida mnunuzi huishika kazi, huigeuza, huinusa, huuliza nani kaifanya. Katika soko la simu huona picha tu, tena kwa nukta chache, kisha hupita. Ndiyo maana fundi huanza kushawishika kufanya kazi kwa ajili ya picha. Huacha rangi ya mizizi iliyopoa, akachukua ya dukani inayong'aa kwenye kioo cha simu. Huona kikapu cha nchi nyingine kimesifiwa na watu elfu moja, naye akakiiga. Mwisho wake mafundi kumi wa wilaya kumi wanatoa kitu kimoja kisicho na kwao, na mnunuzi hana sababu ya kumchagua huyu akamwacha yule isipokuwa kwa bei. Hapo ndipo bei inapoanguka, na anayeumia ni yule yule mwenye vidole vilivyochubuka. Mwacha asili ni mtumwa. Na utumwa wa namna hii hauna hata haja ya bwana mwenye kiboko.

Asili si kaburi

Wapo watakaotuelewa vibaya wakadhani tunasema fundi asibadilishe chochote alichorithi kwa bibi yake. La, hasha. Asili si kaburi la kulindwa lisifunguliwe. Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote katika nchi yetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za dari. Hakurithi mtindo ule kwa yeyote, aliubuni. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini wanafunzi na jamaa zake waliendelea, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Kazi iliyoanza kwa vifaa vya fundi baiskeli sasa ni alama ya Tanzania duniani kote.

Historia hiyo ina funzo la pili, nalo ni chungu. Baada ya mtindo kupata jina, viliibuka vibanda vingi vinavyorudia tembo yule yule na twiga yule yule, na watalii wakanunua bila kujua nani mchoraji. Lakini wachoraji walioongeza jambo lao, wakachora hospitali, mabasi, masoko na mashetani kwa macho yao wenyewe, ndio wanaokumbukwa kwa majina. Wote walitumia rangi ile ile na ubao ule ule. Waliotofautiana ni yule aliyenakili na yule aliyeendeleza.

Kwa hiyo tunaposema uhalisi, tunamaanisha kwamba fundi aweze kusema bila kubabaika kazi hii ameifanya nani, kwa malighafi gani, na kwa nini imekuwa hivi na si vile. Fundi wa Ikuza akisuka kikapu cha kubebea simu au tarakilishi kwa ukindu na mafunjo, kwa mishono aliyofundishwa na mama yake, kazi hiyo ni mpya na ni halisi. Akinunua kikapu cha kiwandani akakibandika jina la Kagera, amesema uongo hata kama kinafanana na cha kale.

Tazameni majirani zetu

Rwanda, tunayopakana nayo, iliweka kikapu katika nembo yake ya taifa mwaka 2001. Mwaka 2005 vikapu vya wanawake wa huko vilianza kuuzwa katika maduka ya Macy's ya Marekani, vikiwa pamoja na habari za wasukaji waliojijenga upya baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mnunuzi wa ng'ambo hakununua nyuzi tupu. Alinunua kazi iliyo na wenyewe.

Uganda nayo ina lubugo, nguo ya magome ya mti wa jamii ya mkuyu. Gome huvunwa wakati wa mvua, hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka likalainika na kutanuka, kisha huanikwa juani likawa jekundu kama udongo. Mti wenyewe hauuawi. Huota gome jingine. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa hazina ya binadamu wote, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, na kazi za Acaye Kerunen, zilizotumia ususi wa wanawake wa nchi hiyo, zilikuwa miongoni mwa zilizolipatia banda hilo kutajwa kwa heshima maalumu. Wahaya nao waliivaa nguo ya magome tangu zamani. Tujiulize: vijana wangapi wa Bukoba na Muleba leo wanaweza kuutambua mti wake?

Swali hilo si la mzaha. Katika eneo la Katuruka, huko Maruku, yapo mabaki ya tanuru za chuma za yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Buhaya waliofua chuma ujanani mwao wajenge tena tanuru, nao wakaijenga. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yao, na ulimwengu wa wasomi ukastaajabu. Lakini kama wazee wale wangekuwa wamekwisha kufa, ni nani angeonyesha namna ya kuijenga tanuru, kuweka viriba na kulisha moto? Ujuzi ulikuwa mikononi mwao, wala haukuwa katika kitabu chochote. Simu iliyo mfukoni mwa kila kijana leo ingeweza kuuhifadhi ujuzi wa namna hiyo kwa picha na sauti. Mtandao, basi, unaweza kuwa ghala la urithi wetu, mradi tuuingize kwa kusudi hilo.

Kulinda kilicho chetu

Kuna hatari nyingine, nayo ni wizi. Mnamo mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuliandikisha nchini mwake jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara. Wakenya walipinga kwa nguvu, na ombi hilo halikufaulu. Kama lingefaulu, mfumaji wa pwani angeweza kukatazwa kuuza kikoi huko kwa jina alilolikuta kwa babu zake. Mambo haya yalitokea kabla simu za picha hazijaenea vijijini. Leo nakshi ya mkeka inaweza kuchukuliwa Musira asubuhi na kuchapwa juu ya kitambaa cha plastiki katika kiwanda cha mbali kabla ya mwezi kwisha. Mlanguzi wa zamani alihitaji lori. Wa leo anahitaji kidole tu.

Sheria tunazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mbunifu, na inazo sehemu zinazohusu sanaa za jadi za wananchi. Baraza la Sanaa la Taifa lipo kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Lakini sheria iliyoko Dodoma na Dar es Salaam haimsaidii fundi wa Mazinga asiyejua kwamba ipo. Hapa tunawaelekea maofisa wetu. Ofisa utamaduni anayengoja fundi avuke ziwa kuja kuuliza habari za hakimiliki amekwisha kushindwa kazi kabla ya kuianza. Yeye ndiye anayepaswa kupanda boti, aende na fomu, aorodheshe kazi, majina na nakshi za kila kisiwa, na awaeleze wananchi kwa Kiswahili chepesi haki zao na njia ya kuzidai.

Kadhalika, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Tunaomba vikundi vya mafundi visisahauliwe kwa kisingizio kwamba kusuka ni mchezo wa wazee. Minara ya simu nayo isikomee pale palipo na wavuvi wengi tu. Msukaji aliye katika kisiwa kidogo ni raia kama mwingine, na soko lisilomfikia si soko la wananchi.

Kwenu mafundi tuna nasaha chache. Jiungeni. Mkoa huu unaujua ushirika. Chama chetu cha kahawa, KCU, kina mizizi tangu mwaka 1950. Kikundi chenye jina moja, bei moja na kipimo kimoja cha ubora hakichezewi na mnunuzi kirahisi. Kila kazi iende na jina la aliyeifanya na la kisiwa chake. Onyesheni kazi iliyokamilika na mikono ikiwa kazini, lakini nakshi mpya isitangazwe kabla haijaorodheshwa. Msikubali oda ya vikapu mia kwa wiki mbili ikiwa mikono yenu inaweza ishirini. Heri kumwambia mnunuzi angoje kuliko kumpelekea kazi iliyolipuliwa. Na picha iwe ya haki. Sisi tuliopita vyuoni kwa walimu wa dini tulifundishwa mapema ubaya wa kupunja mizani. Picha ya simu ndiyo mizani ya soko hili: ikimwonyesha mnunuzi ukindu mwembamba na rangi thabiti, basi mzigo utakaomfikia uwe hivyo hivyo.

Zaidi ya yote, msiache kutengeneza kwa ajili ya matumizi ya kwenu. Kahawa ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni Buhaya hufungwa kwa ustadi katika ganda la mgomba, na ufungaji ule umedumu kwa sababu kila siku yuko mgeni wa kukaribishwa. Mkeka unaolaliwa nyumbani hukosolewa na mwenye kuulalia. Ngoma inayochezwa harusini hukosolewa na mchezaji. Wakosoaji hao wa karibu ndio walimu wa fundi, nao hawapatikani kwa alama ya kidole gumba kwenye simu. Kazi ikikosa matumizi kwao ilikozaliwa, ikabaki ya kuonyeshwa wageni tu, haitachukua muda kuwa kinyago cha dukani.

Mwalimu Nyerere, mara tu nchi ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na hakuwa na sababu ya kuviunganisha viwili hivyo bure. Alijua kwamba utamaduni usiokabidhiwa kwa vijana hufa. Vijana wa leo wamo mtandaoni. Basi tusiwafukuze humo, bali tuwape kitu chao cha kupeleka. Kijana wa Bilele na ampigie bibi yake picha na kuandika jina lake sawasawa, na bibi naye amkalishe kijana chini amfundishe kuchana ukindu. Wakikaa hivyo wawili, mmoja na simu na mwenziwe na ukindu, kazi ya mikono yetu itafika mbali na itarudi na faida. Shime, ndugu wananchi.